Mwanafunzi Anasoma Kiingereza Lakini Haelewi: Tatizo Liko Wapi?

Kwenye ripoti za kidato cha tatu na cha nne, sisi walimu wa Kiingereza tuna maneno tuliyoyazoea: "Uelewa hafifu, aongeze bidii." Mzazi anasoma, ananunua kamusi, kijana anakesha na orodha ya misamiati, na muhula unaofuata ripoti inakuja na maneno yaleyale. "Haelewi" ni kama "ana homa". Inaweza kuwa malaria, taifodi au jino bovu, na dawa mseto haiponyi jino. Kwa hiyo tutaanza na kipimo, kisha tupitie dalili moja moja na kinachozisababisha.

Ninaowafikiria hapa ni wanafunzi wa sekondari za serikali Tanzania, kuanzia kidato cha tatu hadi cha sita. Wengi wao walisoma miaka saba ya msingi kwa Kiswahili, utaratibu ulioanza 1967. Walipoingia kidato cha kwanza wakapewa wiki chache za kuzoeshwa Kiingereza, kisha Jiografia, Baiolojia na Hisabati zote zikabadilika lugha kwa mpigo. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, walichunguza hali hiyo na kukuta kuwa wanafunzi wengi wa sekondari hawana Kiingereza cha kuwawezesha kusomea masomo yao. Akifika kidato cha tatu, kijana ameshajua kuficha pengo hilo kwa kukariri noti za ubaoni. Ndiyo maana anaweza kupata B ya Historia na bado akashindwa kifungu cha habari cha aya nne ambacho hajawahi kukiona.

Pima kabla ya kutibu

Chukua kifungu cha aya tatu ambacho mwanafunzi hajawahi kukisoma, kutoka kitabu cha kidato kimoja chini ya chake. Kaa naye pembeni. Dakika kumi na tano zinatosha.

Aya ya kwanza asome mwenyewe kimya, afunge kitabu, akueleze kwa Kiswahili imesema nini. Aya ya pili msomee wewe kwa mwendo wa kawaida, yeye asikilize bila kuona maandishi, kisha akueleze kwa Kiswahili. Aya ya tatu mweleze wewe yaliyomo kwa Kiswahili, halafu muulize maswali yake, nayo kwa Kiswahili.

Akishindwa ya kwanza na kuiweza ya pili, masikio yake yanajua Kiingereza kuliko macho yake, na shida iko kwenye kuyatambua maandishi. Akishindwa zote mbili na kuiweza ya tatu, shida ni lugha, yaani msamiati au muundo wa sentensi. Akishindwa hata ya tatu, habari yenyewe ni ngeni kwake, au hajazoea kupima anachoambiwa katika lugha yoyote ile. Na akiziweza zote tatu, ila kwenye mtihani anapata alama tatu kati ya kumi, basi kuelewa anaelewa. Kinachomshinda ni kujibu.

Mantiki ya kipimo hiki ni ya zamani kidogo. Mwaka 1986 Gough na Tunmer walieleza kuwa kusoma kwa ufahamu ni zao la vitu viwili: kutambua maneno yaliyoandikwa, na kuielewa lugha yenyewe. Walivizidisha, hawakuvijumlisha. Upande mmoja ukikaribia sifuri, jibu zima linakaribia sifuri hata kama upande wa pili uko vizuri. Kwa hiyo kijana anayeshindwa kuyasoma maneno yenyewe, ukimwongezea msamiati mia mbili hujamwongezea kitu.

Kuna shule zenye bango getini linalokataza Kiswahili kuanzia hapo na kuendelea. Kwa dakika hizi kumi na tano, bango hilo lisahau. Ukimtaka akueleze kwa Kiingereza unapima mambo mawili kwa pamoja, na akikwama hutajua lipi limekwama.

Jambo lingine ambalo tunalipita haraka mno ni macho. Mwanafunzi anayekunja uso akisoma, anayesogeza kitabu hadi puani, au anayenakili kutoka kwa jirani badala ya ubaoni, apelekwe akapimwe macho kabla hujamwandikia chochote kuhusu uelewa. Kagua pia karatasi unayompa. Fotokopi iliyotolewa kwenye fotokopi nyingine, isomwe jioni kwenye mwanga hafifu wa bwenini, itamshinda hata mwalimu wake.

Dalili: anasoma kwa kusuasua, neno kwa neno

Huyu ndiye aliyeshindwa aya ya kwanza na kuiweza ya pili. Mpe aya asome kwa sauti utamsikia: anatamka kila herufi, anasimama, anarudi nyuma, anaweka kidole.

Chanzo chake kinaeleweka. Alijifunza kusoma kwa Kiswahili, ambako ukishajua ba, be, bi, bo, bu unaweza kusoma neno lolote hata usilolijua maana. Akaja kukutana na "though", "through", "tough" na "thought", maneno yanayofanana machoni na kila moja lina sauti yake. Hakuna aliyemkalisha chini akamfundisha mfumo huu mpya, kwa sababu kila mtu alidhani kusoma ni kusoma tu. Matokeo yake, nguvu zote za akili zinaishia kwenye kutamka. Akifika kwenye nukta, mwanzo wa sentensi umeshapotea.

Pima mwendo kwa saa. Mtu mzima ambaye Kiingereza ni lugha yake ya kwanza husoma kimya takriban maneno 238 kwa dakika, kwa mujibu wa majumuisho ya tafiti yaliyofanywa na Brysbaert mwaka 2019. Wanafunzi wetu hawahitaji kufika huko. Lakini anayesoma maneno 50 kwa dakika, kifungu cha maneno 400 kinamla dakika nane kabla hajaona swali la kwanza, na akitaka kukirudia, nane nyingine.

Tiba ni kurudia. Chagua aya fupi, maneno mia moja hivi, yenye maneno anayoyajua maana. Isome wewe kwanza huku wanafunzi wakifuatilia kwa macho. Kisha wakae wawili wawili, mmoja asome na mwenzake ashike saa, wabadilishane, warudie mara tatu au nne mpaka mwendo uwe laini. Kesho aya nyingine. Samuels aliieleza njia hii mwaka 1979 na haihitaji kifaa chochote zaidi ya aya na saa ya mkononi. Sambamba na hilo, wapange maneno kwa ukoo wa tahajia: "light", "night", "fight" siku moja, "caught", "taught" siku nyingine, "nation", "station", "relation" siku ya tatu. Dakika kumi za mwanzo wa kipindi zinatosha.

Kitu cha kuacha ni ule utaratibu wa kusomesha darasa zima kwa zamu, kila mmoja aya yake. Anayesoma anahangaikia matamshi ili asichekwe. Anayefuata anahesabu aya ajue ipi itamwangukia, akishaipata anaifanyia mazoezi kimoyomoyo. Aliyekwisha soma ameshapumua na mawazo yake yako nje. Darasa la watu sabini, na kwa wakati mmoja hakuna hata mmoja anayefuata habari.

Dalili: anasoma kama mtangazaji, lakini hana alichobeba

Huyu ni wa hatari zaidi kwa sababu kila mtu anadhani yuko sawa. Mara nyingi alitoka shule ya msingi ya Kiingereza, matamshi yake yananyooka, ndiye anayeitwa kusoma risala mgeni rasmi akija. Mwambie afunge kitabu aeleze, anabaki anakuangalia.

Amezoea kuwa kusoma ni kutoa sauti nzuri, na hakuna aliyewahi kumdai maana. Kinachomsaidia ni kulazimishwa kusimama njiani. Mwaka 1984 Palincsar na Brown walichapisha njia ya kufundishana kwa zamu yenye kazi nne: kutabiri kinachokuja, kuuliza swali juu ya kilichosomwa, kufafanua penye utata, na kufupisha. Kwa darasa kubwa inafaa sana, kwani kikundi cha wanne kinahitaji kitabu kimoja tu. Kila mmoja apewe kazi yake, wasome aya moja kimya, wafanye kazi zao, kisha wazungushe kazi kwa aya inayofuata. Wiki za mwanzo waache wajadiliane kwa Kiswahili wakitaka, mradi macho yako kwenye maandishi ya Kiingereza. Ukiwakataza, wanaojadiliana watakuwa wawili na waliobaki watanyamaza.

Dalili: anakwama kila mstari, mkono uko kwenye kamusi

Hapa ni msamiati, na hapa ndipo walimu na wazazi wengi huanzia hata pasipohusika.

Hesabu kwanza. Hu na Nation, mwaka 2000, walionyesha kuwa ili mtu asome mwenyewe bila msaada na aelewe vizuri, anahitaji kujua takriban asilimia 98 ya maneno yaliyo mbele yake, yaani neno geni moja katika kila maneno 50. Kwa kitabu cha kawaida hiyo ni neno moja kila mistari minne au mitano. Mwanafunzi wako akikutana na maneno matatu mageni kila mstari, hicho si kitabu cha kusoma, ni fumbo. Mpe kingine kilicho chini. Najua kijana wa kidato cha nne anaona aibu kushika kitabu cha hadithi cha kidato cha kwanza. Mwambie ukweli, kwamba cha juu hakimfundishi kitu kwa sasa, na kwamba hata wewe hadithi hiyo uliisoma ukaipenda.

Orodha za maneno thelathini kila Ijumaa zina faida ndogo. Anayakariri, anapata thelathini, na Jumatatu akilikuta neno ndani ya sentensi halitambui. Ukitaka orodha, basi iwe yenye kazi. Coxhead mwaka 2000 alikusanya koo 570 za maneno ya kitaaluma, mfano "analyse", "factor", "significant", "despite", "whereas", ambayo peke yake huchukua karibu asilimia kumi ya maandishi ya kitaaluma. Hayo ndiyo yanayojirudia kwenye Historia, Jiografia na General Studies kwa pamoja. Mwanafunzi anayeshindwa neno "photosynthesis" anasaidiwa na mwalimu wa Baiolojia. Anayeshindwa "whereas" hana wa kumsaidia, kwa sababu kila mwalimu anadhani ni kazi ya mwenzake.

Tuna mtaji mmoja ambao hatuutumii. Kwenye kipindi cha Kiswahili, wanafunzi hawahawa wanachambua mofimu vizuri kabisa. Wanajua kuwa kutoka "soma" unapata "somea", "somesha", "someka", "msomi", "usomaji". Wapeleke hukohuko kwenye Kiingereza: "agree", "disagree", "agreement", "disagreeable". Kiambishi "-less" kinaondoa, "-able" ni ile "-ka" ya kuwezekana, "un-" na "dis-" vinakanusha. Wakishaona kuwa ni mchezo wanaoujua, wanaacha kukimbilia kamusi kwa kila neno refu.

Kuna mtego mwingine hapa, wa maneno ambayo mwanafunzi anadhani anayajua. "Relief" ameisikia kwenye habari za misaada ya mafuriko, akiikuta kwenye Jiografia ambako ni sura ya nchi, sentensi inageuka kichekesho. "Culture" ya vijidudu kwenye maabara si mila na desturi. "State" inaweza kuwa dola, hali, au amri ya mtihani ya kutaja jambo. Neno geni kabisa lina nafuu, kwa sababu anajua kuwa halijui.

Dalili: kila neno analijua, sentensi haielewi

Kama ningeambiwa nichague eneo moja la kuwekea nguvu, ningechagua hili. Ndilo linalowaangusha wanafunzi wazuri, na ndilo tunalolifundisha kwa uchache, kwa sababu mwanafunzi akiulizwa "kuna neno gumu?" anajibu hapana, na ni kweli hakuna.

Chukua sentensi hii: "Although the long rains came early, few of the farmers given seeds in March managed to harvest anything before the armyworms arrived." Uliza darasa: je, wakulima wengi walivuna? Wapo watakaosema ndiyo. Uliza: wakulima waligawa mbegu au walipewa? Wapo watakaosema waligawa. Msamiati hauhusiki. Kila kosa lina sababu yake.

"Given" imekosewa kwa sababu Kiswahili hakiachi jambo hilo gizani. Tunasema "wakulima waliopewa", na neno moja linabeba urejeshi pamoja na kutendwa. Kiingereza kimeangusha "who were" njiani na kumwachia msomaji aijazie mwenyewe. Mazoezi yake ni mepesi: wape sentensi kumi za aina hii, wairudishe "who were" au "which is" mahali pake kwa penseli, kisha wasome upya.

"Few" imekosewa kwa sababu kukanusha kwetu kunaonekana wazi kwenye kitenzi: "hawakuvuna". Kiingereza kinajua kukanusha bila "not". "Few", "hardly", "fail to", "lack", "too tired to", "unless", "without" zote zinaficha "hapana" ndani yake. Waambie wanafunzi wazizungushie duara kila wanapozikuta, na wafanye hivyo hata ndani ya chumba cha mtihani.

"Although" inatabiri mgongano. Msomaji mzoefu akiiona mwanzoni, anajua kuwa upande wa pili wa sentensi utakwenda kinyume. Wanafunzi wengi wanaipita kama pambo. Viunganishi kama "however", "hence", "despite", "whereas" na "provided that" vifundishwe kwa kukata sentensi katikati: andika ubaoni "Despite the heavy rain, the match..." na waulize, mechi iliendelea au iliahirishwa? Asiyejua kiunganishi atasema iliahirishwa, kwa sababu ndivyo mvua inavyofanya.

Tatizo lingine kubwa ni rundo la nomino. Kwa Kiswahili, kinachozungumziwa kinatangulia na maelezo yanafuata. Kiingereza kinapanga kinyume, na kinapenda kurundika bila kiunganishi chochote. Mwanafunzi akikutana na "village land use planning committee", anaanza na "village" na anadhani habari ni ya kijiji. Mfundishe kuanza na neno la mwisho na kurudi nyuma: kamati, ya mpango, wa matumizi, ya ardhi, ya kijiji. Maneno matano, yamegeuzwa yote, na maana imekaa sawa. Vitabu vya Jiografia na vya Uraia vimejaa mafungu ya namna hii, na nimeona wanafunzi wakifurahia zoezi la kuyageuza kuliko zoezi lolote la sarufi.

Halafu kuna viwakilishi. Sisi tumebarikiwa ngeli. "Mwalimu aliweka vitabu juu ya dawati kwa sababu lilikuwa safi": ile "li-" inakupeleka moja kwa moja kwenye dawati, wala huwezi kudhani ni vitabu. Kiingereza kinasema "it" kwa kila kitu, na kwenye vifungu vya mitihani "this", "which" na "such" zinaweza kurejelea sentensi nzima iliyopita. Kwa upande mwingine, "he" na "she" zinatofautisha jambo ambalo "a-" yetu hailitofautishi, kwa hiyo jicho la mwanafunzi halijazoea kuliangalia. Akikutana na "Neema told her aunt that she had lost her purse", anapaswa kusimama na kuuliza mkoba ni wa nani, na pengine asome mbele ndipo ajue. Zoezi: chora mshale kutoka kila kiwakilishi hadi kinachorejelewa. Fanyeni aya moja ubaoni, iliyobaki wafanye wenyewe. Daftari litachafuka kwa mishale, na hilo lisikusumbue.

Dalili: habari za mpira anaelewa, kifungu cha mtihani haelewi

Mpe kijana wa Kariakoo taarifa ya mechi ya Simba na Yanga kutoka The Citizen au Daily News. Atakueleza yote, pamoja na ambayo hayakuandikwa. Mpe kifungu cha urefu uleule kuhusu barafu za ncha ya kaskazini, na yule msomaji humwoni tena.

Hajageuka mjinga kati ya karatasi moja na nyingine. Mwaka 1988 Recht na Leslie walifanya jaribio Marekani kwa kutumia habari ya mchezo wa besiboli. Wanafunzi waliokuwa dhaifu katika kusoma lakini wanaoujua mchezo walikumbuka na kueleza vizuri kuliko wasomaji hodari wasioujua. Ujuzi wa jambo hujaza mapengo ya lugha.

Ukishajua hivyo, unafanya mambo mawili. Unautumia mpira kama mlango: taarifa za michezo ziwe mazoezi ya kwanza ya viunganishi na viwakilishi, kwa sababu akili yake haihangaiki na habari. Na kabla ya kifungu kigeni, unatumia dakika tano kuzungumzia jambo lenyewe kwa Kiswahili. Barafu ni nini, ncha iko wapi, kwa nini inayeyuka. Wapo watakaosema huko ni kuwatafunia. Kwenye mtihani hawatatafuniwa, ni kweli, lakini hapa bado tunafundisha. Kwa mwanafunzi mwenyewe, tiba ya muda mrefu ni kusoma mambo mengi tofauti, na makala nzuri ya gazeti la Kiswahili kuhusu mabadiliko ya tabianchi inamwongezea uwezo wa kusoma Kiingereza hata kama haina neno moja la Kiingereza.

Dalili: anaelewa, lakini alama hazipandi

Ni yule aliyeziweza aya zote tatu. Mtihani wa Kiingereza wa kidato cha nne huwa na kifungu cha habari na ufupisho, na hapo wengi wanaojua wanapoteza alama kwa tabia chache zinazojirudia.

Wapo wanaowinda neno. Swali lina neno "drought", wanakimbia kwenye kifungu kutafuta "drought", wanachagua jibu lililo karibu nalo. Mtunzi wa mtihani anaijua tabia hiyo na mara nyingi ndipo anapoweka chaguo la uongo. Ushauri wa kusoma maswali kwanza, unaotolewa karibu kila shule, kwa msomaji dhaifu naona una madhara kuliko faida, maana unamgeuza kuwa mwindaji. Asome kifungu chote kwanza, hata kwa haraka, ndipo aende kwenye maswali na kurudi.

Wapo wanaonyofoa sentensi nzima kutoka kwenye kifungu na kuibandika kama jibu. Swali limeuliza "kwa nini", sentensi iliyobandikwa inasema "lini". Zoezi ni kujibu kitabu kikiwa kimefungwa.

Kwenye maana ya neno kama lilivyotumika katika aya, wanaandika maana waliyoikariri. Waoneshe kuijaribu maana yao ndani ya sentensi ileile: ikikataa kukaa, siyo yenyewe.

Ufupisho una njia moja ambayo sijaona ikishindwa. Aya ikisomwa, kitabu kifungwe, mwanafunzi aseme kwa Kiswahili sentensi moja tu ya ilichosema. Ndipo aiandike kwa Kiingereza chake mwenyewe, hata kikiwa kibovu. Kiingereza kibovu kinarekebishika. Akianza kwa kunakili, hakuna cha kurekebisha, na idadi ya maneno aliyopewa itaisha kabla hajafika aya ya tatu.

Dalili: kidato cha nne alikuwa vizuri, cha tano anazama

Hii inawapata hasa wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) na HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza). Aya moja anaielewa, ukurasa anauelewa, lakini sura nzima ya kitabu cha Historia ikiisha hajui mwandishi alikuwa anatetea nini. O-level ilimzoesha vifungu vifupi na noti zilizokwisha kupangwa kwa namba. Aandike pembeni mwa kila aya, kwa penseli na kwa maneno yasiyozidi sita, kazi ya aya hiyo: inatoa sababu, inapinga aliyetangulia, inatoa mfano. Kurasa kumi za namna hiyo ukizisoma pembeni tu, hoja ya mwandishi inaonekana. Kitabu kikiwa cha shule, atumie karatasi.

Vitabu vyenyewe vitoke wapi

Ni swali la haki. Utafiti wa Elley na Mangubhai kwenye shule za vijijini Fiji, uliochapishwa 1983, ulihusu watoto wanaojifunza Kiingereza kama lugha ya pili. Madarasa yaliyojazwa vitabu vya hadithi vya kuvutia yalisonga mbele katika kusoma takribani mara mbili ya yale yaliyoendelea na mafunzo ya kawaida. Kilichofanya kazi kilikuwa wingi wa vitabu rahisi.

Shule zetu nyingi hazina wingi huo, na simu kwa wanafunzi haziruhusiwi. Mwalimu anaweza kuingia Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania kwa simu yake na kuchukua vitabu vya vidato vya chini. Magazeti ya Kiingereza ya juzi yanapatikana bure kwenye ofisi za kata na kwa wenye maduka kabla hayajafungia maandazi, na habari fupi za ndani zinakatwa na kubandikwa kwenye makasha ya maboksi ili zisichanike. Makala hamsini za namna hiyo ndani ya boksi moja, zilizopangwa kutoka rahisi hadi ngumu, zinahudumia mikondo miwili. Kiranja wa taaluma ashike daftari la nani amechukua ipi, na kila anayerudisha aeleze kwa sentensi mbili alichosoma kabla hajapewa nyingine.